Siku moja maishani mwangu: kukwamua magari Ndutu

Saa 11 alfajiri

Mvua ilianza kupiga turubai saa nane usiku, ikakatika muda mfupi kabla sijaamka. Wapishi wanawazia kuni zilizolowa. Mimi, fundi wa kambi, nawazia magari. Ni Februari, nyumbu wanazaa kwenye nyanda za majani mafupi, na madereva wa utalii kutoka Arusha wamejaa huku na wageni wao.

Upande huu wa Ndutu ulio chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, msimu huu magari yanaruhusiwa kuacha njia na kuwafuata wanyama mbugani. Ukivuka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, lazima ubaki njiani. Ndiyo maana magari mengi ninayoitiwa yamezama upande wetu.

Udongo wenyewe ni majivu ya volkano za zamani, laini kama unga. Chini yake, sehemu nyingi za nyanda, kuna tabaka gumu la chokaa ambalo maji hayapenyi upesi. Mvua ikinyesha, udongo wa juu unageuka uji, lakini ukichimba kidogo unaweza kufika pagumu, na tairi likifika pagumu gari linatoka. Kandokando ya Ziwa Ndutu na Ziwa Masek mambo ni tofauti. Pale juu pana ganda jeupe la magadi linaloonekana kavu kabisa, na chini yake ni tope jeusi tu. Dereva asiyejua tofauti hiyo atatumia mbinu moja kila mahali, na kwingine itamzamisha zaidi.

Saa 12

Natandaza turubai nyuma ya kruza langu, yaani Land Cruiser, na kupanga vifaa kimoja kimoja. Kijana ninayemfundisha kazi anavitaja, mimi namuuliza kila kimoja kina nguvu kiasi gani. Hilo ndilo swali ninalotaka alizoee. Kila kifaa cha kuvutia kina namba yake, na kisicho na namba hakipandi kwenye gari langu.

Cha kwanza ni mkanda wa nailoni wa mita 9, unaokatika kwenye tani 11. Nailoni inanyumbuka. Mkanda huu unaweza kurefuka kwa kiasi cha asilimia 20 ya urefu wake, halafu unarudi, na kule kurudi ndiko kunakong'oa gari taratibu. Mkanda wa kazi hii unatakiwa uwe na nguvu mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari jepesi kati ya yale mawili. Kruza la utalii lililorefushwa, likiwa na wageni, mizigo na mafuta, linafika tani tatu na nusu, mengine yanakaribia nne. Ukichukua mkanda mwembamba mno, utakatika. Mnene mno hautanyumbuka, na hapo umekuwa sawa na cheni.

Cheni na waya wa chuma kwangu si vya kushtulia gari. Havinyumbuki, kwa hiyo mshtuko wote unakwenda kwenye chesi na kwenye kulabu, na chochote kilicho dhaifu kinang'oka na kuruka.

Halafu pingu za chuma, yaani vifungo vya umbo la U vya kuunganishia mkanda na gari, milimita 19, zilizopigwa muhuri wa tani 4.75. Huo ni uzito wa kufanyia kazi, si wa kukatikia. Pini inakazwa hadi mwisho kisha inarudishwa robo mzunguko, la sivyo ikishavutwa haifunguki. Nina pia pingu mbili za kamba ya kusuka, nyepesi, ambazo hata zikiachia haziwezi kumuua mtu kama chuma. Siku hizi nazitumia hizo kwanza.

Vingine tunavipitia haraka: mabeleshi mawili, jeki ya Tanganyika, ile ndefu ya kuinulia gari juu, na ubao wake wa kukalia, vibao vinne vya plastiki vya kuweka chini ya tairi, kapi, mkanda mpana wa kuzungushia mti, glavu za ngozi, pampu ya upepo, gunia zito la kulaza juu ya mkanda. Winchi, mashine ya kuvuta kwa kamba inayojizungusha kwenye pipa, iko mbele, ya ratili 12,000, yaani kama tani tano na nusu. Nguvu hiyo unaipata kamba ikiwa imebaki mzunguko wa kwanza tu kwenye pipa lake. Kadiri kamba inavyojaa kwenye pipa, ndivyo winchi inavyopungua nguvu.

Saa 2 na dakika 20 asubuhi

Redio inaita. Kruza la kampuni nyingine limekaa tumbo pembeni ya Big Marsh, bwawa la majani la hapa Ndutu, lina wageni sita, na kuna simba jike wawili kwenye majani, mita themanini hivi.

Tunafika tukiwa magari mawili, langu na la mwongozaji wetu aliyekuwa karibu bila wageni. Gari la tatu, hapa hilo la mwongozaji, ndilo linalookoa maisha katika kazi hii, nami siendi bila hilo kama kuna watu wa kuhamisha. Kote duniani wanaofundisha kazi hii husema abiria washuke na wasimame mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa mkanda. Kwa mkanda wangu hizo ni mita kumi na nne. Huku mgeni hawezi kusimama mita kumi na nne kwenye majani yenye simba. Basi gari la tatu linasogezwa ubavuni mpaka milango inatazamana, wageni wanavuka mmoja mmoja, kisha gari linaondoka nao hadi umbali salama. Haijalishi simba wamelala.

Dereva ni mtu mzima kuliko mimi. Ameshatoa cheni na kuizungusha kwenye lile tufe la chuma la kuvutia trela.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana wangu, nishtue mara moja tu, wageni wana ndege saa sita."

"Mzee wangu, naomba nusu saa. Ukinipa nusu saa, ndege mnaiwahi. Na hiyo cheni tuitoe kwanza."

Hakupenda. Nilimweleza polepole, maana mtu aliyeendesha miaka mingi hastahili kupigiwa kelele mbele ya wageni wake. Tufe lile limetengenezwa kubeba trela linalofuata taratibu barabarani. Likipewa mshtuko linakatika shingoni na kuruka kama risasi, na Australia watu wameuawa hivyo wakiwa wamekaa ndani ya gari. Vile vitanzi vidogo vya chini navyo si vya kuvutia, kiwanda kinaviweka ili gari lifungwe lisitikisike melini. Pa kuvuta ni kwenye kulabu iliyofungwa kwa bolti nene kwenye chesi. Nyuma ya gari lake hapakuwa na kulabu, ila palikuwa na lile tundu la mraba linaloingiza tufe. Tukatoa tufe, tukaingiza kitanzi cha mkanda ndani ya tundu, tukarudisha pini.

Kabla ya hapo tulichimba. Kuchimba ndiyo kazi, na nusu saa niliyoiomba karibu yote ilikwenda huko. Kuna kanuni inayofundishwa katika jeshi la Marekani: gari likizama hadi kwenye magurudumu, kulitoa kunahitaji nguvu inayolingana na uzito wake wote, likizama hadi kwenye mabawa ya juu ya matairi, mara mbili, likifika kwenye madirisha, mara tatu. Gari la mzee lilikuwa kati ya la kwanza na la pili, tani tano hadi sita za kuvuta, na mkanda wangu na chesi yake havina haja ya kubeba mateso hayo ikiwa beleshi linaweza kuyaondoa. Kijana alichimba chini ya difu ya nyuma hadi mwanga ukapita upande wa pili. Mzee alichimba nyuma ya matairi, akilaza mteremko. Mimi nilikata mfereji mdogo maji yatoke. Mwongozaji wetu alisimama kwenye paa lililofunguliwa, akiangalia simba tu, hana kazi nyingine.

Tuliamua kulivuta kinyumenyume, kwenye njia lilikoingilia. Ardhi ya nyuma unaijua imebeba gari, ya mbele huijui.

Vibao vinne chini ya matairi, gunia juu ya mkanda katikati, mkanda umelala chini umelegea kama mita mbili. Mzee yuko ndani peke yake, fo wili, gia ndogo ya nyuma. Kijana amerudi ndani ya gari la tatu. Tumekubaliana kwa redio: nikisema twende, anaachia klachi taratibu, wala hazungushi matairi kwa hasira. Nikaondoka kwa gia ya pili ndogo, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Ukiongeza mwendo mara mbili, nishati inayoingia kwenye mkanda inaongezeka mara nne, na hapo ndipo vitu vinapokatika.

Mkanda ukanyooka, ukavutika, gari likasita, likapanda juu ya vibao, likatoka. Mzee alinishika mkono bila kusema neno, kisha akaomba picha ya vifaa vyangu ampelekee tajiri wake. Ndege waliiwahi.

Kabla ya kuondoka tulifukia mashimo. Ndama wa nyumbu ana siku chache tu duniani na mguu wake ni mwembamba. Shimo la tairi linaweza kumvunja.

Saa 5

Gari limekwama mchangani kwenye korongo kavu. Hilo halikuhitaji kuvutwa. Matairi yalikuwa na upepo wa 40, tukashusha hadi 18, tairi likalala na kushika mchanga kwa eneo kubwa zaidi, dereva akatoka mwenyewe. Kisha tukajaza tena kwa pampu, kwa sababu tairi laini likipiga jiwe kwa kasi linapasuka ubavuni.

Saa 8 mchana

Baada ya wali na maharage naitwa kwenye korongo jingine, lenye maji. Kruza limeteleza ukingoni, limeinama upande. Kijana anachukua mkanda wa nailoni. Namrudisha. Gari lililoinama ukilishtua unaweza kulipindua, kwa hiyo hapa ni winchi, inayovuta kwa sentimeta.

Palikuwa na mgunga mkubwa mbele. Tukauzungushia ule mkanda mpana, chini kabisa karibu na mizizi, ili ganda lisichunwe. Waya au kamba nyembamba ikizungushwa mtini inakata ganda, na mti uliochunwa mzunguko mzima unakufa. Tukafunga kapi kwenye gari lililoteleza, kamba ya winchi ikatoka kwangu hadi kwenye kapi na kurudi hadi kwenye ule mkanda wa mtini. Kwa njia hiyo mvuto unakuwa mara mbili, mwendo unapungua nusu, na mwendo mdogo ndio tulioutaka. Kamba yangu ni ya nyuzi, nyepesi, na bado gunia lililala juu yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuiruka wala kusimama ndani ya ile pembe ya kamba pale kwenye kapi.

Ilichukua karibu saa nzima. Wageni walikaa kwenye gari jingine wakiangalia tembo.

Saa 10 na nusu

Fuso ya mboga na maji ya kunywa imezama kwenye njia ya kuelekea Naabi, lango la Serengeti. Utingo ananikimbilia akishangilia, "Bro, umetuokoa!" Nikawaambia hapana, siwezi kulivuta. Fuso likiwa na mzigo ni zaidi ya mara mbili ya gari langu, na hakuna kifaa nilichobeba chenye namba ya kulitosha. Dereva alinisihi nijaribu tu. Neno "jaribu" nalichukia katika kazi hii, kwa maana ukijaribu na kifaa kisichotosha unaijua nguvu yake pale kinapokatika, na anayekuwa karibu ndiye anayelipa.

Tuliwasaidia kwa tulivyokuwa navyo: mabeleshi, kushusha makreti, na redio kwa kambi yenye trekta. Trekta lilifika kabla ya giza.

Saa 12 jioni

Mikanda inaoshwa kwa maji safi. Mchanga ukiingia ndani ya nyuzi unazisaga kila unapovutika, na nailoni iliyolowa inapungua nguvu, kwa hiyo inaanikwa kivulini, kwa maana jua nalo linaila. Kijana anaupitisha mkanda mzima mikononi akitafuta nyuzi zilizokatika. Ukiwa na mkato, hatuushoni wala hatuufungi fundo. Tunaukata vipande usije ukatumika na mtu mwingine.

Pini moja ya pingu imepinda kidogo. Nimeitoa kwenye kisanduku.

Saa 2 usiku

Nimempigia tajiri Arusha. Nimemwomba mambo mawili kabla ya mvua za Machi: kulabu za nyuma zifungwe kwenye chesi ya kila gari la kampuni, na kila gari lipewe mkanda wake wa nailoni, pingu za kamba na beleshi, madereva wasitegemee gari langu peke yake. Aliuliza bei, nikamtajia. Aliuliza kama si nafuu kununua cheni moja nene kwa kila gari. Nikamsimulia habari ya tufe la asubuhi, nikamweleza kuwa wageni sita walikuwa pale, na kwamba mzee yule ana familia.

Amesema kesho anatuma vipimo vya kulabu kwa fundi wa kuchomelea. Nimemwomba afunge kwa bolti ngumu, asichomelee. Anataka nimwandikie ukubwa wa bolti, kwa hiyo sasa natafuta tochi nikapime chini ya gari.