Mlio wa "fyuuu" baada ya kufunga intakula kubwa

Nilifunga intakula kubwa ya mbele (kifaa cha kupoza hewa inayosukumwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini) kwenye Forester yangu ya turbo hapa nyumbani Moshi, Jumamosi nzima na mdogo wangu. Jumapili tukapandisha Marangu. Kuanzia Himo gari likawa zito, moshi mweusi nyuma, na nikikanyaga mafuta nasikia "fyuuu" chini ya boneti.

Moshi mweusi ndio ulionipa jibu. Hewa imeshapimwa na sensa, halafu inavujia njiani, huku petroli inamwagwa kwa kipimo kilekile, kwa hiyo petroli inazidi hewa.

Niliziba mdomo wa turbo kwa kifuniko chenye vali ya tairi, nikaazima kompresa ya fundi pancha jirani, nikajaza hewa taratibu hadi presha ya PSI 15, injini ikiwa imezimwa. Usizidishe, mipira inayounganisha mabomba ya hewa itachomoka. Mdogo wangu akapaka povu la sabuni kwenye viungio. Cha mwisho, karibu na injini, kikachemka mapovu. Kukifungua, ndani ya mpira mna utelezi wa oili, na klipu imekalia ukingo wa bomba badala ya kukaa nyuma yake. Nikafuta oili, nikakausha, nikausukuma mpira mpaka ukavuka ukingo, ndipo nikakaza klipu.

Jumatatu jioni tukapanda Marangu tena. Mlio haupo, gari linavuta.