Kalenda moja ya mbuzi na benki kuu

Januari

Mwaka huu siongezi kitu shambani. Hakuna banda jipya, hakuna ng'ombe, hakuna kipande kingine cha ardhi. Mimi ni mwandishi wa habari za fedha ninayefuga mbuzi, na kazi niliyojipa ni kulipanga shamba lifuate ratiba ya habari za fedha, maana ratiba hiyo siipangi mimi. Benki kuu ya Marekani hukaa kuamua riba mara nane kwa mwaka. Ya Ulaya, iliyoko Frankfurt, pia mara nane. Takwimu za ajira za Marekani hutoka kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa mbili na nusu asubuhi za Washington. Matokeo ya robo mwaka ya kampuni kubwa huanza kumiminika katikati ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Siku zangu ngumu karibu zote nazijua kabla mwaka haujaanza. Watu hudhani uandishi wa habari ni kazi ya dharura tupu. Huu wa fedha ni wa miadi, na zizi nalo ni la miadi.

Kalenda nimeibandika ghalani, mlangoni kabisa. Nyekundu ni riba, buluu ni matokeo ya kampuni, kijani ni mbuzi.

Naanza na mbuzi kwa sababu ndio wanaoweza kunivurugia wiki nzima. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, pungufu au zaidi ya siku tano. Anayepandwa wiki ya kwanza ya Januari anazaa mapema Juni. Asiposhika, joto linarudi baada ya siku 21 au karibu na hapo, na kuzaa kunasogea hadi mwisho wa Juni, wakati mkutano wa riba wa Marekani wa mwezi huo umeshapita na matokeo ya kampuni hayajaanza. Nafasi zote mbili zinanifaa. Anayeingia joto katikati ya Januari namwacha. Huyo akipandwa atanizalia katikati ya Juni, siku za mkutano wa riba, ambapo macho ya wenye hatifungani wote, yaani waliozikopesha serikali na kampuni, yako Washington. Anasubiri mzunguko unaofuata, anazaa mwanzoni mwa Julai, basi.

Niseme kwamba mpango huu unawezekana kwa sababu mbuzi wangu huingia joto mwaka mzima. Mbali na Ikweta mbuzi wengi hutafuta beberu siku zinapoanza kufupika, na mwenye nao hana uhuru wa kuchagua mwezi.

Machi

Saa. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho. Kwa wiki hizo mbili au tatu Washington na Frankfurt zinakaribiana kwa saa moja, na sisi ambao saa zetu hazisogezwi tunabaki kuhesabu kwa vidole. Uamuzi wa riba wa Ulaya hutangazwa saa nane na robo mchana za Frankfurt, na mkutano na waandishi huanza saa tisa kasorobo. Majira ya baridi yao, mkutano huo unaniangukia palepale wakati wa kukamua. Wakishasogeza saa, unawahi, unaisha, nami nachukua ndoo.

Kwa hiyo nina saa mbili za kukamua kwa mwaka. Wakati wa baridi yao nakamua mapema, kabla ya tangazo. Baadaye nakamua mkutano ukishakwisha. Kuhama kutoka saa moja kwenda nyingine ni dakika kumi kumi kila siku, asubuhi na jioni, mpaka tufike. Mbuzi hadai saa 12 kamili kati ya mkamuo na mkamuo. Anachodai ni kwamba kesho ifanane na jana. Ukimrusha saa nzima kwa mkupuo atakulalamikia, na maziwa yatapungua siku mbili tatu.

Kitu kimoja sikiharakishi hata kama simu inaita: mikamuo ya kwanza ya kila chuchu inaingia kwenye kikombe cheusi. Maziwa mazuri yanatandaa laini juu ya weusi ule. Yakija na vibonge vidogo kama chenga za mtindi, au yakiwa ya majimaji, kiwele kimeanza kuugua, na huyo anakamuliwa wa mwisho, maziwa yake yasichanganywe na ya wenzake. Inachukua sekunde chache. Nimezoea kuilinganisha kichwani na kusoma maelezo ya chini ya mizania, ile hesabu ya mali na madeni ya kampuni, kabla ya kusoma faida.

Aprili

Msimu wa matokeo. Nimehamishia mahojiano ya simu ghalani, katikati ya magunia. Magunia yaliyojaa yanameza mwangwi kuliko chumba chochote ndani ya nyumba, na jogoo anasikika kwa mbali tu. Mkurugenzi wa fedha wa kampuni moja aliniuliza studio yetu iko wapi. Nilimjibu iko kimya, tukaendelea na swali la madeni.

Kinachonifanya niweze kuishi huku ni mabadiliko yaliyokwisha kutokea kazini. Zamani mshindi alikuwa anayetoa namba kwanza. Sasa namba ya kwanza inatolewa na mashine; shirika la habari la Associated Press lilianza kuandika taarifa za matokeo ya kampuni kwa programu mwaka 2014, na wengine wengi wamefuata mkondo huo. Mimi siwezi kuishinda programu kwa sekunde, na sitaki. Nilichobakiwa nacho ni maelezo: kwa nini faida imepanda na fedha taslimu zimeshuka, kwa nini ghala la bidhaa limejaa huku mauzo yamesimama. Hayo yanaweza kuandikwa baada ya kukamua, na mara nyingi yanakuwa bora kwa kuchelewa kidogo.

Intaneti ilikatika mara kadhaa mwezi huu. Mzee jirani aliniambia, "Mwanangu, si uwatume kuku?" Nikamwambia hata hilo lina historia: mwaka 1850 Paul Julius Reuter alitumia njiwa kupeleka bei za hisa kati ya Brussels na Aachen, kwa kuwa waya za telegrafu zilikuwa hazijaungana. Mzee akasema angalau njiwa hudai mtama tu. Nimenunua laini ya pili ya mtandao mwingine na betri ya kuendesha kisanduku cha intaneti umeme ukizima.

Mei

Palizi, matandazo, mabomba ya matone yenye kipima saa. Sina la kusimulia.

Juni

Mbuzi wa kwanza alianza uchungu asubuhi ya siku ya uamuzi wa riba wa Ulaya. Hapo ndipo kalenda ilipimwa, na nasema wazi kwamba kilichoniokoa si kalenda peke yake. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeandika habari tatu kamili: riba imepanda, riba imeshuka, riba imebaki palepale, kila moja na nafasi tupu za namba. Ni mazoea ya kawaida kwenye chumba chochote cha habari za uchumi. Mbili zinatupwa, moja inatumika. Asubuhi yangu ilikuwa tupu kwa makusudi.

Mapacha. Wa pili alikuja miguu ya nyuma ikiwa mbele, jambo ambalo si baya sana kama miguu yote miwili imenyooka. Unamsaidia mama kwa kuvuta kidogo anaposukuma, ukielekeza chini. Kufuta pua, kuchovya vitovu kwenye ayodini, kisha dang'a. Hiyo dang'a haina mjadala: mwanambuzi huzaliwa bila kinga ya kutosha mwilini, anaipata kwenye maziwa hayo ya kwanza, na utumbo wake unaipokea vizuri zaidi katika saa chache za mwanzo. Nilikaa nao mpaka wote wawili wakanyonya mikia ikitikisika.

Tangazo lilinikuta mezani. Mhariri akaandika, "Dada, uko?" Nikamtumia habari kabla hajamaliza kuuliza.

Tangu hapo natumia matoleo matatu shambani pia. Kabla ya wiki yoyote nyekundu naandika kwenye daftari: kama mvua itanyesha, kama haitanyesha, kama mnyama ataugua, na kila hali nani anafanya nini. Kijana anayenisaidia analipenda daftari hilo kuliko simu zangu, kwa sababu daftari halimkatizi kauli.

Julai

Suala la maslahi. Nimeanza kuandika zaidi juu ya nafaka na mbolea, na mimi ni muuza mahindi. Mahindi yangu hayawezi kusogeza bei popote: mkataba mmoja wa baadaye wa mahindi kwenye soko la Chicago, yaani makubaliano ya leo juu ya bei ya mzigo wa mwezi wa mbele, ni busheli 5,000, yaani tani 127 hivi, na ghala langu halijui hata harufu ya tani 127. Hata hivyo msomaji ana haki ya kujua. Nimempa mhariri barua inayosema ninalima nini na ninauza nini, kwamba sinunui wala siuzi mikataba ya bei ya baadaye, na kwamba habari ya ruzuku ya mbolea itakayonihusu moja kwa moja aandike mwingine. Waandishi wa fedha tumezoea kutaja hisa tulizonazo. Shamba nalo ni mali.

Faida ya kuwa pande zote mbili ni maswali. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraina, ngano ilipanda bei hadi rekodi, na mbolea nayo ikapaa, kwa kuwa Urusi ni muuzaji mkubwa wa mbolea na mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa gesi asilia. Habari nyingi ziliishia kwenye ngano. Mkulima angeuliza mbolea ya msimu ujao inanunuliwa mwezi gani, maana aliyekwisha kuiweka stoo na anayekwenda kuinunua leo wako katika biashara mbili tofauti. Swali hilo sasa naliuliza kila mara. Naangalia pia mwezi wa mkataba kabla ya kuandika "bei ya mahindi": wa Julai unazungumzia zao la zamani, wa Desemba zao jipya la Marekani, na bei hizo mbili zinaweza kwenda njia tofauti siku hiyohiyo.

Nina tuta moja la vitunguu. Hapo suala la maslahi halinisumbui: Marekani ilipiga marufuku mikataba ya baadaye ya vitunguu mwaka 1958, baada ya wafanyabiashara wawili kulishika soko lote na kisha kuliporomosha, na marufuku ingalipo.

Agosti

Mavuno, na mwanzo wake ukaangukia mwisho wa msimu wa matokeo. Kazi ya kupima ukavu wa mahindi nimeifanya nikiwa kwenye mikutano ya simu ya kampuni, sauti yangu ikiwa imezimwa. Chupa ya kioo iliyo kavu, chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa, punje za mahindi. Unatikisa, unaiacha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15 na mahindi yanarudi juani. Ikianguka chini yote, yako chini ya hapo, ingawa kwa kuhifadhi miezi mingi nataka yafike 13. Mahindi mabichi ghalani ni karibu sana na sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika.

Mkutano mmoja mwenyekiti alirudia neno "ufanisi" mpaka punje zikatulia.

Septemba

Nimeletewa ng'ombe wa maziwa kwa bei ya kuvutia. Nimemkataa. Malisho yapo, maji yapo, na Jumamosi ningemmudu vizuri tu. Lakini shamba hili nalipima kwa siku mbaya kuliko zote za kazi: riba ya Marekani usiku, kampuni mbili asubuhi yake, kijana ana homa, umeme hakuna. Siku hiyo naweza kukamua mbuzi hawa na kufungulia kuku, na habari ikatoka. Ng'ombe angeifanya siku hiyo isiwezekane, hata kama siku nyingine zote angekuwa faida.

Kinachofuata ni Oktoba, msimu wa matokeo tena, na Ulaya itarudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya mwezi. Dakika kumi kumi zinaanza wiki moja kabla.