Sukari Yangu Pale Mnemba

Juzi nilimsindikiza Mama kliniki kupimwa sukari, na harufu ya spiriti ilipopanda tu kutoka kwenye ile pamba nikajikuta nimerudi Mnemba, kile kisiwa kidogo cha Zanzibar, ndani ya boti inayoyumba, shemeji amenishika kidole huku akinikaripia nitulie.

Ulikuwa msimu wa kusi. Shemeji, ambaye ni muuguzi, hakukubali kwamba mtu asiye na kisukari anaweza kuzamia akaibuka na sukari ileile, kwa hiyo asubuhi, baada ya chai na chapati kutulia tumboni, alinipima pale Matemwe, kijiji cha pwani kinachotazamana na Mnemba, akapata milimoli 5.9 kwa lita. Ya chini ya maji sitayasimulia kwa kirefu: tulishuka hadi mita 18, tukashindana na mkondo kwenye ukingo wa matumbawe, tukatulia dakika 3 kwenye mita 5 kama ilivyo desturi, tukapanda.

Nilipovuliwa mtungi wa hewa, meno yalikuwa yakigongana na mikono ikitetemeka hata zipu ya suti ya kuzamia ikanishinda. Nahodha akanitazama mara moja tu. "Huyo sukari imeshuka, mpeni halua," akasema, na tayari mtu alikuwa amekifungua kikapu cha ukindu. Shemeji akaudaka mkono wangu njiani. "Ngoja, shemeji. Ukishaigusa hiyo, kipimo kitasoma halua, hakitasoma damu." Akanimiminia vidoleni maji ya chupa, kwani maji ya chumvi nayo yangelizimua tone, akanikausha kwa kanga, kisha akachoma kidole kilichopauka na kukunjamana. Damu haikutoka. Baridi huibana mishipa midogo ya vidoleni, kwa hiyo ilimbidi akisugue kidole baina ya viganja vyake, akichome tena na kukikamua kuanzia shinani, mpaka likachungulia tone dogo kama punje ya mtama. Sote tukainamia kile kipimo kikihesabu sekunde zake: 5.1.

Nahodha alidai kimeharibika. Shemeji akamweleza, kwa subira ambayo sisi wa nyumbani hatuipati, kwamba sukari huhesabiwa kuwa ya chini inaposhuka chini ya 3.9, na kwamba hofu na juhudi humwaga adrenalini, homoni inayoliamrisha ini kutoa akiba yake ya sukari, wakati huohuo misuli inayopiga maji na kutetemeka ikiitumia, huku kongosho lenye afya likipunguza insulini, homoni inayoshusha sukari, ili damu isiishiwe. Kutetemeka kwangu kulikuwa kwa baridi tu, maana maji hupokonya mwili joto takriban mara 25 upesi kuliko hewa, na kusi haimhurumii mtu aliyelowa. Dawa yake ilikuwa nguo kavu.

Lakini hata yeye hakuridhika, na hapo ndipo nilipompenda zaidi. Sukari iliyopandishwa na chapati, alisema, ingeweza kushuka yenyewe kutoka 5.9 hadi 5.1 nikiwa nimelala barazani, kwa hiyo alihitaji mtu aliyekunywa chai ileile asiingie majini. Wote wakamgeukia nahodha. Yeye, aliyekuwa kwenye tonge la tatu la halua, akaificha mikono yake nyuma na kusema kwamba sukari yake anaijua mwenyewe.