Namba ya nyuma

Namba ya mbele niliifunga kwa dakika tano. Bampa lilikuja na matundu yake, skrubu mbili zikaingia bila ubishi, nikazunguka nyuma nikiamini kazi imekwisha. Nyuma nikakaa mpaka adhuhuri.

Gari ni jipya. Viti bado vina nailoni, na ukifungua mlango unapokelewa na harufu ya mpira na gundi. Wiki nzima nimelizunguka jioni nikiangalia rangi, na sijaona hata mkwaruzo. Kwa hiyo nilipokisogeza kibao kwenye nafasi yake juu ya mlango wa buti, nikaona matundu yake hayakutani na ya gari, moyo ulinishtuka. Yamepishana kama upana wa kidole gumba. Nikakipandisha, nikakishusha. Wapi!

Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Gari la aina moja huuzwa katika nchi nyingi, na vibao vya dunia havilingani. Ulaya ni virefu na vyembamba, milimita 520 kwa 110 au 120. Marekani ni vifupi na vipana, inchi 12 kwa 6. Japani kibao cha kawaida kina milimita 330 kwa 165. Kiwanda hutoboa kwa kufuata soko mojawapo, na anayeishi kwingine anajitafutia mwenyewe.

Nilikuwa nimeshaichukua drili nilipompigia Baba simu. Amekuwa fundi wa magari maisha yake yote.

“Shikamoo Baba.”

“Marahaba mwanangu. Gari linasemaje?”

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo. “Iweke chini hiyo drili. Utoboe gari kwa ajili ya kibati? Nisubiri, nakuja.”

Alipofika hakugusa kitu kwanza. Alipiga magoti, akapitisha kidole pembeni mwa tundu moja la kiwandani, akanionyesha jinsi rangi ilivyoingia mpaka ndani ya ukingo. Tundu la kiwandani hutobolewa kabla ya rangi, kwa hiyo chuma chake kimevikwa kote. Tundu la kwangu lingeacha ukingo mtupu. Maji yanaingia hapo, kutu inaanza, kisha inatambaa chini ya rangi polepole huku kwa nje huoni kitu, mpaka siku rangi inavimba. Tena ndani ya mlango wa buti mna nyaya: za taa ya namba, za kitasa, za kamera ya nyuma. Drili ikishavuka bati huchomoka mbele kwa nguvu, na huwezi kujua imekwenda kugusa nini.

Hata hivyo alinifundisha namna ya kutoboa, kwa siku ambayo hakutakuwa na njia nyingine. Unabandika tepu ya karatasi juu ya rangi, unapiga alama kwa chuma chenye ncha ili keekee, ile ncha ya drili inayotoboa, isiteleze, unaanza na keekee nyembamba. Keekee yenyewe unaizungushia tepu mahali inapotakiwa kuishia, isizame. Kisha unasugua ukingo kwa tupa ndogo, unatoa chembe zote za chuma, unapaka praima na kuiacha ikauke. Skrubu inakuja mwisho kabisa. Nimeyaandika yote haya kwenye daftari, na namwomba Mungu nisiyahitaji.

Tulichofanya ni rahisi zaidi. Tulipata kitako cha plastiki, bapa, kinachofungwa kwenye matundu mawili ya gari yaliyopo. Kibao kinafungwa juu ya kitako. Matundu ya gari ni ya mraba, na ndani yake huingia nati za plastiki zenye masikio. Ya kwanza iliingia mara moja. Ya pili ilikataa. Baba akaniambia nisiigonge, niibonyeze kwa gumba huku naichezesha kushoto na kulia. Nilibonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe, ikaingia kwa mlio mdogo, taki! Skrubu ikipita humo nati inatanuka na kujishikilia yenyewe kwa nyuma, bila mtu kuingiza mkono ndani.

Kisha kunyoosha. Nilileta pima maji, nikaiweka juu ya kibao, nikakisawazisha mpaka kiputo cha hewa kikakaa katikati. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikakiona kimepinda waziwazi. Gari limesimama kwenye mteremko mdogo, na pima maji hufuata mvutano wa dunia, haifuati gari. Baba akanipa rula: pima kutoka ukingo wa juu wa nafasi hadi kibao, upande huu na upande ule. Vipimo vikilingana, basi. Nadhani robo saa ilipita hapo, na sijutii hata dakika moja. Namba iliyopinda inaniumiza macho.

Skrubu nilizonunua ni za chuma cha pua, nikijua hazishiki kutu. Baba alizikubali kwa sharti la washa za plastiki, vile vijiduara vinavyokaa kati ya skrubu na kibao. Kibao ni cha alumini, na chuma cha pua kikigusana na alumini penye maji, hasa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Unaona unga mweupe kuzunguka skrubu, mwisho tundu linapanuka na kibao kinaanza kucheza. Nyuma ya kibao tulibandika vipande vinne vya sponji ili kisipige kelele kila buti linapofungwa. Na vichwa vya skrubu tulivifunika kwa vifuniko vyeupe kama uso wa kibao, maana skrubu nyeusi ikikaa karibu na herufi, kwa mbali husomeka kama sehemu ya herufi hiyo. Fremu ya kung'aa niliyopewa zawadi nimeiacha kwenye boksi. Ni nzuri, lakini inameza ukingo wa kibao na kuzuia mwanga wa taa, na kwangu mimi urembo wowote unaopunguza usomaji wa namba haufai.

Kukaza nilikaza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. “Ikishakamata, robo mzunguko, uache,” alisema. Uso wa kibao una utando unaorudisha mwanga ulikotoka. Ukikaza kwa hasira kibao kinabonyea na utando unapasuka kuzunguka skrubu.

Nieleze kwa nini najali hivi. Miaka mingi iliyopita nilikuwa juu ya baiskeli, gari likanigonga kwa kioo cha pembeni na halikusimama. Nilianguka kwa ubavu. Nilipoinua kichwa nikaona nyuma ya lile gari linakwenda, kibao kimening'inia kwa skrubu moja, tope limekifunika. Nilisoma herufi moja tu. Waliokuja kunisaidia waliuliza namba, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nilimjibu kwa herufi ile ile moja. Mkono ulipona. Ile herufi bado naiona.

Dereva haioni namba yake ya nyuma akiwa safarini. Wanaoiona ni walioachwa nyuma: aliyegongwa, anayevuka barabara na mtoto, anayetaka kukuashiria kwamba mlango wako uko wazi. Paris mwaka 1893 polisi waliamuru kila gari libebe bamba la chuma lenye jina na anwani ya mwenyewe pamoja na namba ya kibali chake. Jina na anwani! New York mwaka 1901 wenye magari walijitengenezea vibao vyenye herufi za majina yao, vingine vya ngozi, vingine vya mbao. Tangu mwanzo watu walitaka kujua ni nani huyo aliyewapita, na leo namba peke yake ndiyo inayojibu.

Jioni niliwasha taa. Ile ya namba ni ndogo, nyeupe, na ikitazamwa kutoka ndani ya gari haipo kabisa. Tulihakikisha kitako hakijaikinga. Uingereza anayefanya mtihani wa udereva hutakiwa kuisoma namba ya gari lililosimama umbali wa mita 20, kwa hiyo nikahesabu hatua, nikamwomba Baba asimame pale. Nikafunga buti kwa nguvu kidogo kuliko kawaida nikisikiliza. Hakikulia kitu.

“Soma, Baba.”

Akakunja macho, akaisoma herufi kwa herufi. Kwenye tarakimu ya mwisho alisita, akasogea hatua moja, akaitaja. Nikachukua kitambaa nikaipangusa tena tarakimu hiyo, akarudi pale pale aliposimama mwanzo na kuanza upya.