Ndoo, pipa au chupa la dispensa? Uzoefu wangu wa kuchachusha divai ya ndizi kwenye baridi la Mbeya

Kama unakaa Mbeya na unataka kutengeneza divai ya ndizi nyumbani, chagua chombo kwa kufikiria baridi kwanza, ukubwa na bei vije baadae. Mi niko Uyole, huku mwezi wa sita na wa saba usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10 na asubuhi sakafu ya saruji inauma miguu hata ukiwa umevaa soksi. Hamira inapenda nyuzi 20 mpaka 30, chini ya hapo inajivuta, na baridi ikizidi inalala kabisa, inatuama chini, ukifungua unakuta maji matamu yametulia kimyaa.

Sasa tatizo ni kwamba maelekezo mengi ya vyombo yameandikwa na watu wanaochemsha pombe kali majumbani, hasa New Zealand maana kule tangu 1996 mtu anaruhusiwa kuchemsha yake. Huku kwetu gongo ni kosa kisheria na mi siingii huko, naishia kwenye divai, ila nimesoma sana mambo yao. Mtu wa kuchemsha mchachu wake, yaani ule mchanganyiko unaochachuka, unakaa kama wiki hivi halafu unaenda kwenye mtambo, kwahiyo pipa lolote safi lenye mfuniko uliokaa kaa tu linamtosha. Divai inakaa miezi, na ikipigwa na hewa muda wote huo inageuka siki, kwahiyo ukikopi vyombo vyao kama vilivyo umeumia.

Nilianza kuzungukia mapipa ya bluu, yale used, maana bei yake inavutia. Jamaa mmoja nikamuuliza:

– Bro, hili lilibeba nini?
– Mafuta tu hayo mkamu, ukipiga na sabuni yanatoka.
– Mafuta ya kula au ya nini?
– Kwani we unataka kuweka nini?

Nikamshukuru nikaondoka. Watu wanageuza pipa wanaona ile pembetatu yenye namba 2 kwenye kitako wanasema hii ni salama, lakini hiyo namba inakwambia aina ya plastiki tu, haikwambii lilibeba dawa ya kuulia magugu au nini, na plastiki inanyonya, huwezi kuosha kilichoingia ndani yake. Ndoo zilizobeba rangi ya ukuta hivyo hivyo, usithubutu. Pipa la chuma nalo linashika kutu na asidi ya matunda inalila, na sufuria ya aluminiamu ni ya kuchemshia tu, usilaze mchachu humo.

Nilichoamua ni ndoo mpya za lita 20 zenye mfuniko wa kubana, hatua ya kwanza, alafu hatua ya pili chupa kubwa la maji la dispensa, lile la lita 18.9. Sababu ni kwamba ndizi za Tukuyu zikiiva vizuri ukaziponda zinakuwa uji mzito, zinapanda povu vibaya sana siku za mwanzo, ukiziweka kwenye chupa lenye shingo nyembamba povu linaziba mrija wa kutolea gesi na gesi inakosa pa kutokea. Kumbuka kilo 1 ya sukari ikichachuka karibu nusu ya uzito wake inaondoka kama gesi, ni zaidi ya lita 200 za gesi hizo, kwahiyo chombo kilichozibwa kabisa ni bomu. Ndoo ya 20 mi naishia kwenye 15, hiyo nafasi ya juu ni ya povu. Kwenye chupa la pili ni kinyume, unajaza mpaka shingoni ili hewa isipate pa kukaa.

Mrija natumia mpira wa dripu mpya wa duka la dawa. Mfuniko natoboa kwa msumari wa moto, tundu liwe dogo kidogo kuliko mpira ili ubane wenyewe, ncha ya pili inazama kwenye chupa ya soda yenye maji. Hapa ndipo Mbeya inatofautiana na Dar: mchana jua linapiga, usiku baridi linashuka, gesi iliyo ndani ya ndoo inasinyaa inaanza kuvuta, na yale maji ya chupa ya soda yanapanda kwenye mpira kurudi kwenye divai yako. Kwahiyo weka maji kidogo tu, ncha izame kama sentimita 2, na yawe yaliyochemshwa. Kuna wanaoweka konyagi badala ya maji, sio ujinga, ikivutwa haina madhara.

Joto sasa. Ndoo haikai kwenye saruji hata siku moja, inakaa juu ya ubao, ukuta wa jikoni, ndoo zikiwa zimesogeleana maana hamira yenyewe inatoa joto na mzigo mkubwa haupotezi joto haraka kama mdogo. Juu nafunga blanketi kuukuu. Usiku wa baridi kali nachomeka chupa za maji ya moto katikati. Mama watoto alisema "baba, hizo ndoo zinalala vizuri kuliko wageni", sawa tu. Ila jiko la mkaa usiingize kwenye chumba kilichofungwa eti upashe ndoo, ule moshi usioonekana unaua watu.

Na usidanganyike na mapovu. Yakikoma inaweza kuwa imeiva, inaweza kuwa imelala kwa baridi, au mfuniko unavuja gesi inapita pembeni. Nunua hidromita, kile kipimo kinachoelea kwenye divai kukuonyesha sukari iliyobaki. Mi naanza kama 1.090, ikishuka mpaka 1.000 au chini yake na ikasoma hivyo hivyo siku kadhaa mfululizo basi, hapo una kama asilimia 12. Ikiganda kwenye 1.040 mara nyingi sababu ni baridi, ongeza blanketi, usiongeze sukari.

Kuosha ni sponji laini, stilwaya inachuna plastiki na bakteria wanajificha kwenye michubuko. Dawa ya klorini kidogo, alafu suuza mara nyingi na maji yaliyochemshwa, na kwa vile huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 hivi mi nayaacha yatokote muda kidogo. Ndoo za divai nimezipiga alama ya rangi nyekundu kwenye mshikio, hazifuliwi nguo humo hata moja, maana harufu ya sabuni ya unga ikishaingia haitoki na utaikuta kwenye glasi.