Siku moja na kagari ketu hapa Malindi (na batani moja ya kunitia wazimu)

Saa 11 na nusu alfajiri. Mvua ya masika bado yapiga bati, mi nshafungua friji mara nne kuiangalia keki. Ni ya harusi, ngazi mbili, krimu juu mpaka chini, yatakiwa Watamu kabla ya adhuhuri.

Saa 1 kasoro. Watoto watatu nyuma, wamelowa. Nawasha kagari ketu, cc 1000, silinda tatu, kametoka Japani na redio inayoishia 90 kwa hiyo stesheni nyingi za huku twazisikia kwa majirani tu. Taa ya buluu yenye alama ya kipimajoto yawaka, yaani injini haijapata moto, na kwa joto la Malindi haikawii kuzima. Sijafika hata barabarani vioo vyote vyeupe pee! Nafuta kwa mkono, kwa leso, kwa soksi ya mtoto, wapi. Kumbe jana babake watoto alienda shamba, njia ya vumbi, akabonyeza ile batani yenye picha ya gari na mshale wazunguka ndani, akaiwacha vivyo hivyo. Batani hiyo hufunga hewa ya nje, kwa vumbi sawa kabisa, lakini watu wanne wenye nguo mbichi wakipumua humo ndani ule unyevu utokee wapi jamani? Nikaitoa, nikaelekeza upepo kioo cha mbele, nikawasha AC. Watu huona AC ni ya jua tu, kumbe hukausha hewa pia. Kabla ya skuli kioo kishakuwa safi.

Saa 4. Mvua imekatika, jua lachoma utadhani hakukuwa na mvua. Keki nimeiweka siti ya mbele, naondoka tu, ti ti ti ti! Taa nyekundu ya mshipi. Siti imehisi uzito ikajua ni mtu. Basi nkaifunga keki mshipi, taratibu, kama mtoto mchanga. Askari wa trafiki akachungulia, "Mama, huyu abiria aenda wapi?" Namwambia harusini.

Sasa krimu yataka baridi, nami nikaibonyeza ile ile batani niliyoilaani asubuhi, manake kupoza hewa ambayo ishapoa ni rahisi kuliko kuvuta joto la nje kila saa. Ila AC hula nguvu za injini, na injini yenyewe ndo hii. Mbele yangu lori la mchanga, nakanyaga mafuta gari laguna tu haliendi. Nizime AC nilipite, ama niokoe krimu? Nkalifuata lori mpaka Gede, nkakata kushoto. Keki ikafika imesimama, bi arusi hata hajui.

Saa 9 na nusu nachukua watoto, njaa na kelele.

Saa 12 jioni mvua imerudi. Babake watoto katoka na gari kwenda kununua mkate, dakika mbili hivi arudi mlangoni na leso mkononi: "Mama nanii, nani ameiwacha hii batani imebonyezwa?"

Mi niko jikoni napiga mayai, mashini ina kelele, sikusikia.