Usiandike "toni ya huzuni" kisha ukanyamaza

Alama nyingi za insha ya ushairi hupotea pale mwanafunzi anapoitaja hisia sahihi bila kuonyesha imetoka katika neno gani. Tazama mishororo hii miwili, imetungwa kwa ajili ya zoezi tu:

Mlango niliufunga, ufunguo nikatupa,
Upepo ukiugonga, moyo huruka kwa pupa.

Mwenye haraka ataandika "hasira", maana ufunguo umetupwa. Mshororo wa pili unamkana. Vitenzi vya kwanza vina -li- na -ka-, yaani mambo yaliyokwisha, moja likifuata jingine. Kisha inaingia hu- ya mazoea: moyo unaruka kila mara, hata leo. Tena unaruka kwa pupa, na mwenye hofu haruki kwa pupa. Anayengoja mtu ndiye anayeruka hivyo. Anayegonga ni upepo tu, ndipo uchungu unapoingia. Hata vina vinasema: "nikatupa" na "pupa" vimefungwa pamoja, kukataa na kutamani katika sauti moja. Wengi huhesabu vina na mizani (silabi za kila mshororo), wakaishia hapo, kana kwamba kuhesabu ni kuchambua.

Soma shairi mara tatu. Kwanza pata mwendo wake. Pili, zungushia vitenzi na vivumishi. Tatu, tafuta linapogeukia: "lakini", "ila", "sasa", badiliko la wakati, swali la balagha (lisilongoja jibu), au kibwagizo, yaani mshororo unaorudiwa, kilichobadilishwa neno moja.

Ukiwa na dakika 45, kumi ziwe za kusoma na kupanga. Andika dai katika sentensi moja inayobeba mgeuko huo: "Nafsineni anajidai amekata tamaa, ila mwili wake bado unangoja." (Nafsineni ni sauti inayosema ndani ya shairi, si mshairi; mshairi huenda hajawahi kufunga mlango wowote.) Chini yake weka hoja tatu, kila moja na dondoo la maneno matatu au manne, na kando yake neno "kwa nini".

Usipange aya kwa tamathali, yaani mbinu za lugha, ya tashbihi (mlinganisho) huku na ya takriri (urudiaji) kule. Utapata orodha, na hisia itatajwa mara tatu bila kusogea. Panga kwa hatua za hisia: inapoanzia, inapotikisika, inapoishia. Tamathali itajitokeza pale inapofanya kazi.

Muda ukibana, punguza utangulizi hadi sentensi ya dai peke yake. Aya ya mgeuko usiiguse.